Msiilaumu sensa, laumuni siri

Kuna wimbo ambao madereva na makanika hawachoki kuuimba: eti dizeli za zamani ndizo zilikuwa dizeli, hizi za leo zimeharibiwa na kompyuta. Mimi hula kwa kuandika programu, kwa hivyo leo nabisha.

Injini nyingi za zamani zilipimiwa mafuta na pampu ya chuma, nayo ilikisia tu. Matokeo yalikuwa ule moshi mweusi tuliouvuta barabarani. Ya kisasa ina sensa zinazopima hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa kranki na shinikizo la mafuta. Kompyuta inazisoma, kisha inafungua kila nozeli kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hata mara kadhaa katika mpigo mmoja. Chuma kitaweza hayo?

Ubaya uko kwenye programu ambayo mwenye gari haruhusiwi kuisoma. Mnakumbuka Volkswagen? Septemba 2015 ilifichuka kwamba programu yake ilitambua gari linapopimwa moshi. Ilitazama, miongoni mwa mengine, usukani: magurudumu yanazunguka lakini usukani hautikisiki, basi hapa ni kwa wapimaji. Injini ikajifanya safi. Nchini Marekani, barabarani magari hayo yalitoa gesi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Sensa zilisema kweli, mwandishi wa programu ndiye aliyedanganya.

Na kioja ni hiki: Julai 2015, miezi miwili kabla, EPA, shirika la mazingira la Marekani, lilipinga wenye magari kuruhusiwa kufungua programu hizo. Liliogopa wangezichezea, hewa ichafuke. Kumbe mchafuzi alikuwa ndiye mwenye ufunguo!

Mtasema kila mtu akiingia humo ataharibu. Jamani, kusoma si kubadilisha. Anayebadilisha apimwe moshi barabarani, na mtengenezaji naye apimwe vivyo hivyo. Lakini fundi wa Grogan anayeishia kuona taa ya onyo bila kuelezwa kompyuta imeona nini, atafanya nini zaidi ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha? Na bili ya kubahatisha unalipa wewe.

Gari ni langu, basi programu yake nisomeshwe. Wapinzani, uwanja ni wenu.