Kombe, Tambuu na Donda Lisilopona



Mwezi uliopita tulisafiri kutoka Mombasa hadi Burnt Forest, mji mdogo wa baridi kali ulio kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kumjulia hali sahibu yetu wa miaka mingi. Ni mtu wa pwani kama sisi, aliyehamia huko ujanani kufanya biashara ya viazi. Malori yake yalishuka Kongowea na magunia, yakapanda na madafu, samaki mkavu, na kile ambacho hakuweza kukiacha: majani ya tambuu pamoja na popoo, chokaa, katu na tumbaku. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiadhini katika msikiti wa huko.

Tulimkuta amekatwa sehemu ya ulimi na ya taya. Alitupokea kwa bashasha, akasema maneno ambayo hatukuyaelewa, mkewe akatufasiria: anauliza mmepata lifti ama mmekuja kwa basi.

Lazima tukiri. Donda lilipomtoka ubavuni mwa ulimi, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa sisi. Tulimwandikia kombe kwa zafarani, tukalituma kwa lori. Lilipomalizika tukatuma la pili, kisha la tatu. Hatukumwuliza donda limeanza lini, wala hatukumwambia aende kwa daktari. Ilipita miezi mitano, ndipo mwanawe alipomchukua hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kikakatwa kinyama kidogo na kupimwa. Darasani twafundisha kwamba kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), na kombe letu hatulionei haya. Tunaloliona haya ni kwamba yeye aliposikia sauti yetu alitulia, na kule kutulia kukamla miezi mitano.

Tangu turudi tumekuwa tukisoma habari za maradhi haya, na tuliyoyafahamu twayaeleza kwa mfano wa chuoni. Ndani ya seli za miili yetu mna maandishi marefu yaitwayo DNA, yapata herufi bilioni 3, na herufi zenyewe ni za aina nne tu. Seli inapogawanyika hunakili maandishi hayo upya, kama mtoto anavyonakili ubaoni. Mtoto akiiacha nukta ya chini ya ba, akatia mbili juu, imekuwa ta, na neno limeharibika. Fungu la herufi lenye maagizo yake huitwa jeni (msomaji asidhani twazungumzia majini). Iko jeni moja, TP53, ambayo kazi yake ni ya mwalimu mwenye bakora: maandishi ya seli yakiharibika, huisimamisha mpaka yatengenezwe, na yakishindikana huiamuru ife. Katika saratani nyingi za mdomo na za ngozi, jeni hiyo yenyewe ndiyo iliyoharibika. Mwalimu hayupo, na watoto wanaandika watakavyo.

Lililotushangaza zaidi ni kwamba makosa hayo yana mwandiko. Mwalimu mzoefu akiuona ubao hujua ni wa nani bila ya kuuliza. Miale ya jua hugandanisha herufi mbili jirani, na pahala pa C pakaja T. Wataalamu wakiyakuta makosa ya namna hiyo kwa wingi katika saratani ya ngozi, hujua kuwa ni jua. Moshi wa tumbaku nao una mwandiko wake. Ndugu zetu wenye ualbino hawana rangi ya kutosha ya kuizuia miale hiyo, na wengi hupata saratani ya ngozi wangali vijana. Mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi, Tanzania, kwa ajili yao ni ya lazima kama chakula. Mzazi anayemtuma mtoto kama huyo dukani saa sita mchana bila kofia na afikiri tena.

Ngozi, utando wa mdomo na utando wa umio, yaani njia ya chakula, vyote vimefunikwa na seli za jinsi moja, bapa kama magamba ya samaki. Na sehemu za Eldoret zajulikana kwa saratani ya umio. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kuyasoma maandishi ya vivimbe 552 vya umio kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Waliutafuta mwandiko wa kile kinachofanya maradhi haya yazidi katika baadhi ya nchi kuliko nyingine. Hawakuuona, makosa yalifanana nchi hata nchi, nao wakalisema hilo waziwazi. Sisi tuliolelewa kumheshimu mwanachuoni asemaye "Allahu aalam" tuliipenda kauli hiyo.

Hata hivyo, mkosaji asiyeacha mwandiko anaweza kujulikana kwa njia nyingine. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kuwa wanaokunywa chai ya moto sana hupatwa na saratani ya umio zaidi ya mara tatu kuliko wanaoinywa ikiwa vuguvugu. Nyumbani kwa sahibu yetu tulimiminiwa chai ikitoa moshi. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, lakini huwa yamekwisha kupita mbali digrii 65 ambazo wataalamu wametahadharisha zisizidi. Tuliiacha ipoe, mama wa nyumba akadhani haikutupendeza.

Ama tambuu, halina utata. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiorodhesha popoo, hata bila ya tumbaku, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa yakini. Popoo hukakamaza nyama ya shavu hata mtu akashindwa kufungua mdomo. Na sisi pwani twaitandaza kwenye sinia za harusi! Ni mara ngapi tumefungisha nikaha, tukamaliza dua, tukanyosha mkono tukachukua tambuu letu mbele ya vijana? Vijana nao wamehamia kuberi ya pakiti.

Siku hizi anayetujia na donda la mdomo twamwuliza limeanza lini. Likipita wiki mbili halijapona, au akiwa na baka jeupe au jekundu lisilotoka, hospitali ndiyo ya kwanza. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa mtaani. Tulimsogeza dirishani, tukamwomba afungue mdomo. Kombe tulimwandikia, tukamkabidhi pamoja na nauli. Aliihesabu mara mbili, akasema, "Sheikh, kwani ni kubaya hivyo?" Tulimjibu kuwa hatujui, na kwamba Jumatatu asubuhi tutampitia twende pamoja.