Nyumba zetu bado ni za wakati wa jenereta

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Jumamosi moja, mvua imekatika muda si mrefu, alikuwa anaanika nguo kwenye waya tuliofunga kutoka ukingo wa mabati hadi nguzo ya chuma uani. Umeme ukamkamata. Aliniita "Koko!" mara moja tu, sauti ikakatika, vidole vimeng'ang'ania waya. Mpangaji wa chumba cha tatu alikimbilia disjonta, swichi inayokata umeme, akaishusha. Mtoto yu hai. Ana makovu mawili kiganjani, na nyumba iliyomchoma ni yangu.

Fundi niliyemwita alipanda darini akakuta kebo imechubuliwa na bati pale ilipopigiliwa msumari. Mabati yote yalikuwa na umeme, na waya wa nguo pia. Aliposhuka aliniuliza, "Mama, nyumba hii iliwekwa nyaya wakati wa jenereta?" Ndiyo, kama nyumba nyingi za Kimemi na Bulengera, hapa Butembo.

Butembo ilikua ikawa mji mkubwa wa biashara bila mtandao wa umeme. Jioni kila mtu aliwasha kijenereta chake. Kijenereta cha namna ile hakijaunganishwa na udongo, kwa hiyo ukigusa waya mmoja umesimama chini, mara nyingi husikii kitu: umeme hauna njia ya kurudi kwenye mashine kupitia ardhini. Tukazoea hivyo. Mafundi wakapitisha nyaya mbili tu, priza zikafungwa bila waya wa tere, ule unaoshuka ardhini, na hakuna aliyekufa mbele yetu.

Sasa mtandao umefika, na umeme wake una tabia nyingine. Kwenye transfoma, waya wa nyutro umeunganishwa na ardhi makusudi. Udongo wa uani kwako umekuwa sehemu ya njia, na mtoto aliyesimama peku akishika chuma chenye umeme anaikamilisha njia hiyo kwa mwili wake. Mita imekuja, taa zinawaka, lakini nyumba imebaki ileile.

Majirani wananiambia wana disjonta. Fundi alinipigia hesabu ukutani kwa mkaa. Kwa volti 220, mwili uliolowa unaweza kupitisha sehemu ya kumi ya ampea au zaidi, na hiyo inatosha kuua. Disjonta ya ampea 16 haiisikii kabisa. Hata ukizika fimbo ya shaba, ikiwa ardhi yako inapima omu 100, zitapita ampea mbili hivi na disjonta itatulia palepale. Kinachookoa ni fimbo pamoja na disjonta ya diferensiali ya miliampea 30, ile inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikiona upungufu inakata kabla moyo haujashindwa.

Kwangu fimbo ya kwanza, ya mita mbili, ilipima omu 180. Tulizika ya pili nyuma ya jiko, kunakomwagika maji ya kuoshea vyombo, tukaziunganisha zote mbili, kipimo kikashuka chini ya 100. Kisha waya wa kijani na njano ukapita kila priza, ukafunga mabati, bomba la maji na fremu za milango ya chuma, ili mtu asishike vyuma viwili vyenye umeme usio sawa. Fundi alinionya kwamba Januari na Julai, udongo ukikauka, kipimo hupanda, kwa hiyo turudie kupima. Gharama yote ilikuwa chini ya kodi ya mwezi mmoja ya vyumba vyangu sita.

Tarehe 2 Februari 2022, kebo ya umeme mkubwa ilianguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, ikaua watu 26, wengi wao akina mama wauzaji. Nchi nzima ililia. Umeme wa ndani ya nyumba unaua mmoja mmoja, nasi tunazika na kusema ni bahati mbaya. Siikubali kauli hiyo. Tangu mji wa Kanyabayonga ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Juni 2024, parseli nyingi zimepokea jamaa waliokimbia vita: watoto wengi, simu kumi kwenye priza moja, nguo zinazoanikwa popote penye waya. Mpangaji anayelala na ndugu saba chumbani hawezi kudaiwa fimbo ya shaba. Huo ni wajibu wa mwenye nyumba.

Makampuni yanayouza umeme Butembo na Beni yasifunge mita kabla ya mtu wao kufika na kipimo cha ardhi. Mabaraza ya miji yote miwili yaliandike hilo kama sharti. Na wewe mwenye parseli usiyangoje. Wiki hii, kabla hujapokea kodi, mpandishe fundi darini, na ule waya wa nguo uliofungwa kwenye mabati uufungue leo, weka kamba ya katani.