Mtoto wako huogopa wadudu? Mpeleke Gede akaone vipepeo

Likizo ya Agosti ikifika, swali huwa ni lile lile: tuwapeleke wapi watoto bila kugusa karo ya muhula ujao? Wengi wetu wa Pwani hukimbilia bahari, nami sina neno na bahari. Ila Jumamosi iliyopita niliwachukua watoto watatu wa kaka yangu, tukapanda matatu Malindi hadi Gede, mwendo wa kilomita kama 15 kwenye barabara ya kwenda Mombasa. Pale kwenye magofu, yale yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, ndipo ilipo nyumba ya vipepeo ya mradi wa Kipepeo.

Nilikuwa na sababu yangu. Kitinda mimba wao, wa miaka sita, huogopa chochote chenye mabawa. Nondo akizunguka taa, yeye yuko chini ya meza. Mende akiruka, mtaa mzima utajua. Na nyumbani tiba imekuwa moja tu: mtu huchukua kandambili, humponda mdudu, kisha wote humcheka mtoto.

Kumcheka hakusaidii. Kuogopa wanyama na wadudu ni jambo la kawaida katika umri huo, na watoto wengi huliacha wakikua. Lakini mtoto asiyejua kama kitu kina madhara hutazama kwanza uso wa mtu mzima aliye karibu naye. Mama akiparamia kochi kwa sababu ya mende, mtoto keshapata jibu lake. Vilevile, kumshika kwa nguvu na kumwekea mdudu mkononi eti azoee humwonyesha tu kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na kwamba wewe si wa kuaminiwa. Kinachofaa ni kumsogeza hatua kwa hatua, yeye mwenyewe akiamua lini asogee, nawe ukiwa umetulia. Njia hiyo ndiyo wataalamu wa afya ya akili huitumia hata kwa hofu kubwa zaidi.

Kipepeo ni mdudu mzuri wa kuanza naye. Hang'ati, hana mwiba, na hakimbii kwa kelele. Nyumba yenyewe ni kizimba kikubwa cha wavu chenye mimea na maua ndani, kwa hiyo mwoga anaweza kutazama akiwa nje. Ndivyo tulivyofanya. Dada zake waliingia, wakatoka, wakaingia tena. Yeye alibaki amenishika sketi. Sikumwambia aingie. Zikapita dakika kama 20, ndipo akauliza, "Shangazi, wanakula nini?"

Nikamweleza kwamba kipepeo hana meno, ana mrija uliojikunja kama waya wa simu za zamani, huukunjua akafyonza utamu wa ua. Na kwamba huonja kwa miguu. Hilo la miguu lilimchekesha kupita kiasi, akataka kuona. Tukaingia. Mmoja alipotua begani mwa dada yake, alibana pumzi na kurudi nyuma yangu. Alizunguka nusu ya nyumba, akasema inatosha. Nikakubali inatosha.

Waliokaa nao zaidi ni pupa, yaani kiwavi aliyejifunga na kutulia akisubiri kugeuka kipepeo. Kwa Kiswahili pupa pia ni haraka, sijui nani alituchezea hivyo, kwa maana sijaona kiumbe mtulivu kuliko huyo. Kumbe ndiye mwenye pesa. Mradi huu ulianza mwaka 1993, wakati wengi waliokuwa wakiishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wapate mashamba. Wakulima hufuga viwavi kwenye vizimba vya wavu, wakiwalisha majani ya mimea ya msituni, kisha huuza pupa, nao husafirishwa haraka kwa ndege hadi nyumba za vipepeo za Ulaya na Marekani kabla hawajafunguka. Msitu ukiisha, majani yameisha, na biashara imeisha. Yule binti mkubwa, wa darasa la saba, akauliza kama mtu anaweza kulipa karo kwa viwavi. Anaweza, na wako wanaolipa.

Mkienda, nendeni kabla ya adhuhuri siku ya jua. Mvua ikinyesha vipepeo hujibanza tu. Bebeni maji ya kutosha, na dawa ya kuvuta kwa mtoto mwenye pumu. Waambieni wasimshike kipepeo kwa mabawa: ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yake madogo, na hayaoti tena. Viwavi wenye manyoya mtakaowakuta nje msiwaguse kabisa. Mtoto akiwashwa, bandika selotepu juu ya ngozi na uibandue ili itoe manyoya, kisha osha kwa maji na sabuni. Yakiingia jichoni asifikiche. Suuza kwa maji safi mengi, mpeleke kliniki.

Hatari kubwa zaidi pale si mdudu, ni kima wa kwenye magofu, ambao wamezoea wageni na hupora chakula. Msiwalishe, hata kama wengine wanawalisha. Mtoto akiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nendeni hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama litavimba.

Kama hofu ya mtoto wako imedumu miezi mingi, inamnyima usingizi au inamzuia kucheza nje na kwenda shule, hiyo si ya kutibiwa kwa matembezi. Mwone daktari, akuelekeze kwa mshauri wa watoto.

Na asiyeweza kufika Gede atafute mlimau au mchungwa. Chunguzeni majani machanga: kile kinachofanana na kinyesi cha ndege huenda ni kiwavi mchanga wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akikua hugeuka kijani. Ukimsumbua hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hazidhuru, ila watoto waambieni mapema.