Lori la Jeshi Mikononi mwa Raia: Bima Itazame Kazi, Si Mwaka

Mtu wa Bulongwa, wilayani Makete, mwenye lori kuukuu lililostaafu jeshini hapati taabu kulikatia bima ndogo. Atalipa, na trafiki wa Makambako akiingiza namba ya gari kwenye simu ataona bima iko hai. Taabu inaanza akiomba bima kubwa. Ajenti anashika kadi ya gari, macho yanatua kwenye mwaka wa kutengenezwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa gari zinalokubali kulikatia bima kubwa, na lori lililotoka kiwandani miaka ya 1970 liliupita ukomo huo zamani.

Naamini ukomo huo unapima kitu kisichohusika. Hasara hailetwi na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Huletwa na breki, matairi, uzito wa mzigo, dereva na barabara.

Chukua Bedford za jeshi la Uingereza. Tangu miaka ya 1970, kampuni za safari za Waingereza zilizokuwa zikivusha watalii Afrika nzima zilizitumia baada ya kustaafu jeshini, na Afrika Mashariki ikazizoea. Lori la aina hiyo linavuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, tumbo lake liko juu, na halina umeme mwingi wa kumsumbua fundi. Kwa Makete hizo ni sifa kubwa. Lami imerahisisha sana safari ya kutoka Makete hadi Njombe, lakini viazi na mbao za misindano haviko kwenye lami. Viko bondeni, na mvua za masika zikishalowesha udongo, Fuso nyingi husubiri juu. Lori la jeshi ndilo linaloshuka.

Kampuni za bima nazo zina hoja, na si ndogo. General Motors iliacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986, kwa hiyo spea hutolewa kwenye gari jingine lililokufa au huchongwa gereji. Bei ya sokoni haijulikani, wakati msingi wa bima ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara. Utamrudisha wapi mtu ambaye lori lake halina bei? Tena lilipokuwa jeshini serikali yenyewe ndiyo iliyobeba hasara zake, kwa hiyo linakuja uraiani bila historia ya bima hata ya siku moja.

Hata Tanzania ina kumbukumbu chungu ya mitambo ya kijeshi iliyopewa kazi za raia. Mpango wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulitegemea sana mitambo iliyobaki baada ya vita. Matingatinga yaliletwa kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mitambo iliharibika haraka, spea zikakosekana, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umevunjwa. Kampuni ya bima ikitaja Kongwa, siwezi kuibishia. Ila Kongwa inafundisha kukagua mtambo kabla ya kuutegemea. Kukataa kuukagua kwa sababu ya umri ni jambo jingine kabisa.

Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, na zipo bima maalumu za magari ya kale ambapo kampuni na mwenye gari hukubaliana thamani yake tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya bima hizo huweka kikomo cha maili kwa mwaka, maana gari hutoka kwenda kwenye maonyesho na kurudi bandani. Mfumo huo hatuwezi kuubeba wote. Lori la Makete linafanya kazi. Tuchukue kipande kimoja tu, cha thamani ya makubaliano, nacho kiambatane na ukaguzi wa kweli.

Ukaguzi wa kweli naomba uanzie kwa utingo. Kama kila kwenye mlima anaruka chini na kigogo mkononi ili akiweke nyuma ya tairi, mkaguzi ameshajua habari ya handibreki kabla hajafungua kitu. Baada ya hapo alinganishe namba ya injini na ile ya kwenye kadi. Malori haya mengi yameshavikwa injini nyingine, na mabadiliko kama hayo yanapaswa kuripotiwa TRA. Mwenye lori asiporipoti, hiyo bima kubwa anayoililia inaweza kukataliwa siku ya madai, na hapo kampuni haitakuwa imemwonea. Ni hivyohivyo kwa anayejaza fomu kwamba gari ni la matumizi binafsi kisha anabeba mbao za watu kwa malipo.

Kwa wengi, hata hivyo, nadhani bima kubwa haina faida sana. Bodi likibonyea, fundi wa Njombe atalinyoosha kwa gharama ndogo. Kinachoweza kummaliza mwenye lori ni moto na wizi, na bima ya kati, inayojumlisha mtu wa tatu, moto na wizi, ipo. Hiyo ndiyo ningependa ajenti aitaje kwanza, badala ya kumpa mteja bima ndogo na kumuaga.

Kuna jambo linaloniuma kuliko chuma chote hicho. Juu ya mbao hukaa wapakiaji. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka bima ya kifo na majeraha ya watu wengine, lakini haimlazimishi mwenye gari kuwakatia waajiriwa wake bima ya ajali ya kazini, wala abiria aliowapakia bure. Waajiriwa wameachiwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Kibarua anayelipwa jioni mkononi, ambaye tajiri wake hajawahi kujisajili kwenye Mfuko, atapata wapi nguvu ya kudai lori likipinduka kwenye kona? Familia yake itabaki kuchangiwa na majirani.

Kwa hiyo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ikiamua kuzitaka kampuni ziache ukomo wa umri na kupokea ripoti ya mkaguzi, iweke na sharti kwa upande wa pili. Mwenye lori kuukuu anayetaka bima zaidi ya ile ndogo aonyeshe kwanza usajili wake kwenye Mfuko wa Fidia, na awaandikishe wapakiaji wake kwa majina. Soko la bima lilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996, baada ya Shirika la Bima la Taifa kulishika peke yake tangu 1967, na leo kampuni ni nyingi. Hata bila agizo la TIRA, ingetosha moja tu kufungua mlango huu pale Makambako, ambako malori ya mbao hupita kila siku.