Ziplaini Nyanda za Juu Kusini: Mteremko upo, nani atakagua waya?

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu. Mtu amefungwa mkanda kiunoni na mapajani, kofia ngumu iko kichwani, na kapi limeshikizwa kwenye waya wa chuma juu yake. Mbele hakuna sakafu, ni hewa tu, na chini kabisa vilele vya miti. Mwongozaji anahesabu: moja, mbili, tatu. Kinachofuata ni upepo masikioni, kelele, halafu kicheko upande wa pili.

Hiyo ndiyo ziplaini, mchezo wa kuteleza angani kwenye waya. Video zake hazikosekani kwenye simu. Nyingine zinatoka Mauritius, ambako kuteleza juu ya mabonde ni sehemu ya likizo ya kisiwani kama ilivyo kuogelea. Nyingine zinatoka Ras Al Khaimah, Falme za Kiarabu, ambako waya wa mlima Jebel Jais, wenye urefu wa mita 2,832, uliingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2018.

Sasa kijana wa Mbeya anaangalia video hiyo, anainua macho, na hapo dirishani anauona mlima Loleza. Wa Iringa naye amezungukwa na miinuko. Swali linakuja lenyewe: kama ni mteremko tu, si tunao?

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni kwamba mteremko ndiyo sehemu rahisi.

Haihitaji bahari

Ziplaini haina injini. Uzito wa mtu na mwinamo wa waya ndivyo vinavyomsukuma, basi. Kinachotakiwa ni sehemu ya juu, sehemu ya chini, na kitu cha kutazama katikati.

Nyanda za Juu Kusini zina vyote vitatu. Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960. Kuna ziwa Ngozi lililolala ndani ya kreta, msituni, na mashamba ya chai ya Tukuyu yanayoshuka bonde baada ya bonde. Upande wa Iringa kuna milima ya Udzungwa kule Kilolo, na Mufindi yenye chai, misonobari na baridi yake.

Hata asili ya mchezo huu ni msitu wa milimani. Miaka ya 1970, watafiti nchini Costa Rica walitumia kamba kufika kwenye vilele vya miti na kuchunguza viumbe wanaoishi huko juu. Miaka ya 1990, huko Monteverde, wazo hilo likageuzwa biashara ya utalii. Likaenea duniani, mpaka visiwani.

Wageni wapo, Kusini hawafiki

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje. Watalii wa ndani walikuwa zaidi ya milioni 3.2. Yaani kwa hesabu ya vichwa, Mtanzania mwenyewe ndiye mteja mkubwa.

Lakini mgeni wa nje akishuka kwenye ndege, njia yake inajulikana: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, halafu Zanzibar kupumzika. Kusini kunabaki kwa wachache wanaoijua Ruaha.

Serikali ililiona hilo zamani. Septemba 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliolenga kuinua utalii wa Kusini kupitia hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo la Selous ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Iringa ikatajwa kama lango la utalii wa Kusini. Matumaini yakapanda.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 2008 mipaka ya Ruaha ilipanuliwa kuingiza eneo la Usangu, na tangu hapo mgogoro kati ya hifadhi na vijiji vya Mbarali, mkoani Mbeya, haukuisha. Wanavijiji walipeleka malalamiko Benki ya Dunia, wakidai kuna watu waliofanyiwa ukatili na kupoteza mali mikononi mwa askari wa hifadhi. Aprili 2024 benki ikasitisha kutoa fedha. Novemba mwaka huohuo, kwa ombi la serikali, kiasi kilichobaki kikafutwa.

Somo lake halihusu tembo na simba peke yao. Kivutio kinachowaona wenyeji kama kikwazo kinaweza kukwama hata kikiwa na mabilioni nyuma yake. Ziplaini ni kitu kidogo ukiilinganisha na REGROW, na udogo huo unaweza kuwa faida yake. Inatosha kwenye bonde moja. Inaweza kuanza na wateja wa Mbeya mjini, wanachuo wa Iringa, na familia zinazorudi nyumbani Desemba. Haihitaji kumhamisha mtu, lakini inahitaji kijiji kikubali na kipate chake.

Majirani wamefanyaje?

Kenya wana ziplaini kwenye msitu wa Kereita, pembeni ya safu ya Aberdare. Si mbali na Nairobi, na hilo ndilo jambo la msingi: mtu anatoka asubuhi Jumamosi, anateleza, jioni yuko kwake. Soko lao ni watu wa mjini.

Uganda wana Mabira, kwenye barabara ya Kampala–Jinja. Mwaka 2007 msitu huo ulizua maandamano makubwa, watu wakipinga mpango wa kukata sehemu yake kwa ajili ya miwa. Leo ndani ya msitu huohuo kuna kambi ya Griffin Falls, inayoendeshwa na chama cha wanajamii, na ziplaini ni moja ya vivutio vyake. Mti uliosimama unaingiza hela, na sehemu ya hela inabaki kijijini.

Hapa nyumbani tayari kuna daraja la kutembea juu ya miti katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, lenye urefu wa takribani mita 370. Liko Kaskazini, ambako watalii walikuwa tayari wanapita. Kusini hakuna mkondo huo wa kudandia. Lazima mteja atafutwe, na wa kwanza kutafutwa ni wa karibu.

Kinachouzwa ni imani

Hapa ndipo penye kazi. Mtu hanunui waya. Ananunua imani kwamba ule waya utamfikisha.

Na waya unachoka. Nyuzi zake hukatika moja moja, mara nyingi kabla hazijaonekana kwa macho. Kapi linasagika. Mkanda unaoanikwa juani kila siku unapoteza nguvu. Breki iliyomsimamisha vizuri mtu wa kilo 60 inaweza kumletea shida wa kilo 100, maana mzito hufika na kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana kwenye ziplaini makini mteja hupimwa uzito kwanza, hata kama haipendezi mbele za watu.

Leseni ya utalii inasema biashara inatambulika. Haisemi waya umekaguliwa leo asubuhi. OSHA inasimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia mizigo ni kazi yake. Kwenye misitu kuna TFS, kwenye hifadhi za taifa kuna TANAPA, na vijijini kuna halmashauri. Taasisi zote hizi zina nafasi yake. Hatari ni pale kila moja inapodhani mwenzake ameshakagua.

New Zealand, nchi inayosifika kwa michezo ya hatari, ilipitia hali hiyo. Baada ya vifo vya watalii, serikali ilifanya mapitio, na mwaka 2011 ikatunga kanuni: anayeuza michezo ya namna hii lazima mfumo wake wa usalama ukaguliwe na mtu wa nje, kisha asajiliwe. Mteja anaweza kuangalia kama jina la kampuni limo kwenye orodha. Biashara haikufa.

Tanzania haina haja ya kusubiri msiba ndipo ijifunze. Ajali moja Mbeya haitaua kampuni moja tu. Itaua neno "Kusini" kwenye kichwa cha mteja, na walioanza kupata ajira ya uongozaji watarudi vijiweni.

Mvua, ukungu na kipunji

Kusini kuna mambo yake mengine mawili. La kwanza ni hali ya hewa. Rungwe ni moja ya maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Chuma kinashika kutu, jukwaa linateleza, ukungu unafunika upande wa pili, na radi haichezewi na mtu aliyening'inia kwenye waya. Mwekezaji anayepiga hesabu ya siku 365 za kazi anajidanganya. Atakayedumu ni yule mwenye ujasiri wa kusema "leo hapana" na kurudisha hela ya watu.

La pili ni kipunji. Nyani huyu alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 tu na kutangazwa duniani mwaka 2005, ingawa wenyeji wa Rungwe walikuwa wanamjua kwa jina hilo siku zote. Anapatikana Tanzania peke yake: misitu ya Rungwe na Kitulo upande mmoja, na msitu wa Ndundulu huko Udzungwa upande mwingine. Maisha yake ni juu ya miti, palepale ambapo ziplaini ingependa kupita.

Kwa hiyo si kila msitu mzuri ni wa kupitisha waya wenye watu wanaopiga kelele. Mabonde ya chai na misitu ya kupandwa, kama ile ya Sao Hill huko Mufindi, ni mahali pa busara zaidi pa kuanzia. Mandhari ipo, barabara zipo, na kipunji anabaki na amani yake.

Kama ni mara yako ya kwanza

Iwe Mauritius, Kereita au siku moja Tukuyu, angalia haya kabla ya kupanda jukwaani:

• Je, umepimwa uzito na kuulizwa kuhusu afya yako?
• Je, umeunganishwa kwa viungio viwili, ili kimoja kikiachia kingine kibaki?
• Je, mwongozaji amekuonyesha jinsi ya kukaa na jinsi ya kusimama mwishoni?
• Je, wana daftari la ukaguzi, na la leo limejazwa?
• Je, kuna mtu upande wa pili anayewasiliana na wa upande huu?

Ukiuliza hayo ukaambiwa "usijali, hakuna shida", hiyo ndiyo shida yenyewe. Shuka, dai nauli yako.

Mbeya na Iringa hazidaiwi mlima wala bonde na mtu yeyote. Kinachosubiriwa ni kitu kidogo kinachobebeka mkononi: karatasi yenye tarehe, sahihi, na jina la mtu atakayejibu waya ukilegea. Siku karatasi hiyo ikibandikwa mlangoni, ile hatua ya kwanza haitakuwa ngumu sana.