Daruga zikitundikwa, Bagamoyo kuna darasa

Mchezaji wa Bongo akitundika daruga huonyeshwa viti viwili tu. Kimoja kipo benchi la ufundi, kingine kipo studio ya redio, akachambue mechi za waliobaki. Na vyenyewe ni vichache, vinagombaniwa. Anayekosa hapo hurudi nyumbani, na kila kijiwe anakutana na swali lilelile: "Braza, siku hizi uko wapi?"

Kijana wa Makurunge ni mfano mzuri. Pale barabara ya Bagamoyo kwenda Msata inapotoa tawi la kuelekea Saadani, vijana hukimbiza mpira jioni wakiota Simba au Yanga. Tuseme mmoja akafika, akala miaka kumi ya Ligi Kuu, kisha goti likagoma akiwa na miaka 34. Anarudi kwenye bodaboda, shamba au kibarua cha miwa. Kazi halali kabisa, hakuna wa kuzidharau. Ila Bagamoyo mjini si mbali, na pale ipo TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambako watu hufundishwa muziki, ngoma, uigizaji na uchoraji. Nani amewahi kumwambia mchezaji mstaafu aende huko? Akithubutu mwenyewe, maskani watamuua kwa kicheko: beki kisiki eti leo anajifunza zeze!

Wanaocheka ni walewale waliokuwa wakiimba jina lake jukwaani.

Eric Cantona aliachana na Manchester United mwaka 1997, umri miaka 30 tu, mashabiki bado wanamtaka. Mwaka uliofuata akaonekana kwenye filamu ya Elizabeth akiwa balozi wa Ufaransa. Mwaka 2009 ikaja Looking for Eric, akicheza kama yeye mwenyewe. Hakuishia hapo. Mwaka 2023, akiwa amefika miaka 57, alikuwa anazunguka majukwaani kuimba nyimbo zake. Jody Craddock, beki wa zamani wa Wolves, ni mchoraji, na brashi aliishika wakati bado anacheza. Hiyo ndiyo habari ya kuzingatia. Hakungoja goti limfukuze.

Kuna watakaosema hao Wazungu wana hela, wanaweza kuchezea rangi. Hoja ina ukweli wake. Basi aangaliwe Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye hakuwa na mkataba wa klabu yoyote. Alifanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa Mzungu. Bosi akaondoka, kazi ikaisha. Akahangaika na vibarua hivi na vile, mpaka mwaka 1968, umri umefika kama miaka 36, akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Hakutajirika. Alifariki mwaka 1972, yaani alichora miaka minne tu. Lakini vijana aliowafundisha waliendelea, na hadi leo kuna familia zinakula kwa mtindo unaobeba jina lake.

Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba sanaa inalipa haraka kama ada ya usajili. Hailipi. Mwanzo ni njaa na kuchekwa. Faida ya mwanasoka ni kwamba vyote viwili anavijua. Amezoea kurudia krosi moja mara mia huku kocha anamfokea, na kesho yake akarudi mazoezini. Mwalimu wa ngoma anataka mwanafunzi wa namna hiyo hiyo.

Na soko lipo mlangoni kwa klabu zenyewe. Simba Day na Wiki ya Mwananchi ni sanaa tupu: nyimbo, ngoma, video, jukwaa, ubunifu wa jezi. Wasanii wanalipwa. Mchezaji wa zamani akialikwa, kazi yake ni kupunga mkono na kurudi kukaa. Hivi aliyeucheza uwanja ule ukiwa umejaa, akajua kelele zake zinaingiaje kifuani, hawezi kusaidia kuandika wimbo wa klabu?

Klabu inayolipia goti lipasuliwe haishindwi kulipa ada ya kozi fupi ya mchezaji mwenye miaka 31. Iandikwe kwenye mkataba kama posho ya nyumba inavyoandikwa. Ligi inaposimama kila mwaka, wiki zile wengi huzimaliza kwenye ndondo na sherehe za mtaani. Zingetosha kujifunza kushika ala, au kujua tu kwamba mikono haijui kuchora ila sauti ipo. Chama cha wachezaji nacho kilidai hilo, kama kinavyodai mishahara iliyocheleweshwa.

Mashabiki wana kazi moja hapo katikati, tena haina gharama. Siku beki wao wa zamani akipanda jukwaani Bagamoyo na zeze mkononi, wanunue tiketi kwanza, utani ufuate.