Mwajiri anayepiga simu naye amevunja kanuni

Kila Ijumaa, kabla safu hazijanyooshwa, husikika tangazo lile lile: zimeni simu zenu. Na watu huzizima. Mfanyabiashara mwenye mzigo bandarini huzima, fundi anayesubiriwa na mteja huzima, na kijana ambaye simu haimtoki mkononi mchana kutwa naye huzima. Hakuna anayelalamika kwamba riziki yake imezuiwa. Sote tunakubali kwamba yapo mambo yanayotaka moyo wote, na kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

La kusikitisha ni kwamba nusu saa baadaye baadhi yetu hurejea kwenye usukani, kwenye msumeno wa kupasulia mbao, kwenye kreni au kwenye mashine ya kusaga, na ufahamu ule wote tukawa tumeuacha msikitini.

Sehemu nyingi za kazi siku hizi zina kanuni ya kuzuia simu. Imebandikwa ukutani, na aghalabu mfanyakazi huiona kuwa ni ubabe wa wakubwa. Sababu mojawapo ni kwamba haelezwi hatari yenyewe ni ipi, au huelezwa isivyo. Chukua mfano wa kituo cha mafuta. Wengi wameambiwa kwamba simu ikilia karibu na pampu itatoa cheche na petroli italipuka. Taasisi ya Marekani iitwayo Petroleum Equipment Institute ilikusanya taarifa za moto wa aina hiyo, na haikupata tukio lililothibitika kusababishwa na simu. Ilichokuta ni umeme tuli, ule unaozalika nguo inaposuguana na kiti cha gari, kisha mtu akashika bomba la mafuta. Kanuni ya kutotumia simu pale bado ni tahadhari njema na ifuatwe. Lakini mtu aliyepewa sababu dhaifu, siku akiigundua, huidharau kanuni nzima.

Sababu iliyo wazi zaidi ni kughafilika. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, nchini Kanada, walichunguza madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali. Wakaona kwamba hatari ya ajali wakati wa mazungumzo ya simu ilikuwa takriban mara nne ya wakati usio na simu. Tena wale waliozungumza bila kushika simu mkononi hawakuonekana kuwa na usalama zaidi. Basi tatizo si mkono tu, bali ni akili iliyokwenda kwingine. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akisoma ujumbe kwa sekunde mbili, abiria wamesafirishwa mita 44 na mtu asiyeona njia.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya nchi zisizo na nidhamu. Hapana. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth katika jiji la Los Angeles, treni ya abiria ilipita taa nyekundu ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa. Uchunguzi ulibaini kwamba dereva alikuwa ametuma ujumbe wa simu sekunde 22 kabla ya kugongana. Kanuni ya kampuni ilikuwa imemkataza. Tarehe 9 Februari 2016, huko Bad Aibling nchini Ujerumani, treni mbili ziligongana kwenye njia moja na watu 12 wakafa. Safari hii kosa halikuwa la madereva. Mwongozaji wa treni, aliyekuwa ameketi ofisini, alikuwa akicheza mchezo kwenye simu yake.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa tatu. Tarehe 24 Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela nchini Hispania, treni iliingia kwenye kona ya kilomita 80 kwa saa ikiwa na mwendo wa 179, ikaanguka. Watu wapatao 80 walifariki. Dereva alikuwa ametoka kuzungumza na simu, na aliyempigia alikuwa mfanyakazi mwenzake ndani ya treni ile ile. Ilikuwa simu ya kazi, juu ya shughuli za kazi. Wala hapakuwa na mtambo pale wa kuipunguza mwendo treni wenyewe iwapo dereva ameghafilika.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Tumezoea kumlaumu aliyepokea simu, na aliyepiga tunamsahau.

Si zamani sana mwandishi alikuwa abiria katika basi la kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Baina ya Segera na Chalinze dereva alipigiwa simu mara nne, na kila mara alipokea. Hakuwa mkewe wala rafiki yake aliyepiga. Ilikuwa ofisi yake: umefika wapi, una abiria wangapi, mbona umechelewa. Nyuma ya kiti chake palikuwa na tangazo la kampuni hiyo hiyo likimkataza dereva kuongea na simu. Dereva yule angefanya nini? Asipopokea, anaulizwa kwa nini hapatikani. Akipokea na ajali ikatokea, ataoneshwa tangazo.

Huo si uadilifu. Kanuni ambayo mwenye kuiweka ndiye anayemshurutisha mwingine aivunje haikuwekwa kulinda roho za watu. Imewekwa ili siku ya maafa pawe na mtu wa kutupiwa lawama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, hazimwachii mfanyakazi mzigo huu peke yake. Mfanyakazi anatakiwa kujichunga yeye na wenzake. Mwajiri anatakiwa kuweka utaratibu salama wa kazi, kutoa maelezo, mafunzo na usimamizi. Karatasi ukutani haitimizi hayo.

Atasema mfanyakazi: nina mgonjwa nyumbani, nikizima simu nitajuaje? Hoja hiyo ni ya haki na haipaswi kujibiwa kwa ukali. Mwajiri aweke namba moja kwa msimamizi, ijulikane na familia za wafanyakazi, na pakiwa na dharura mtu aitwe, asimamishe mashine, atoke. Pawe na nyakati za mapumziko ambazo kila mtu ataangalia simu yake. Kwa mabasi na malori, ofisi izungumze na utingo, au isubiri gari lisimame. Na asiadhibiwe dereva kwa kutopokea simu akiwa barabarani, bali ashukuriwe.

Nasi waumini tuna sehemu yetu. Wangapi kati yetu humpigia ndugu yetu dereva wa bodaboda ilhali tunajua yuko njiani, na asipopokea tunampigia tena na tena? Wangapi tumekaa ndani ya daladala tukimtazama dereva akiandika ujumbe, tukanyamaza kwa kuona haya? Kumwambia kwa upole, "Ndugu yangu, weka simu, tutafika," si utovu wa adabu.

Roho za abiria ni amana mikononi mwa dereva, na vidole vya kijana anayesukuma ubao kwenye msumeno ni amana kwa mwenye karakana. Amana haitunzwi na mtu mmoja huku mwingine akiipokonya. Mwenye kampuni anayezima simu yake kila Ijumaa ili moyo wake utulie, na ampe dereva wake utulivu huo huo siku zote za juma.